Dakani kwa Bi Mwalimu: Daftari lililobaki kurasa 14

Wasomaji wangu, mwezi huu sina nafasi ya maswali ya mirathi wala ya mawifi. Barua tatu zimenikalia moyoni, moja ya mama wa Langoni hapa Lamu, moja ya binti wa Malindi, moja ya fundi wa Matondoni, na zote zinaniuliza habari za mtoto anayeliona kosa lake kubwa kuliko yeye mwenyewe. Najibu hizo tu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nina deni ndani yake.

Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni. Wa kwanza ni msichana wa miaka kumi, yuko Gredi ya 5. Tangu mdogo ni mtoto wa kusifiwa: chuoni alihifadhi juzuu Amma akiwa na miaka saba, shuleni walimu humtaja kwa jina. Sasa kuna jambo linanitisha. Akiandika akakosa hata herufi moja hafuti, anachana ukurasa mzima na kuanza upya. Jumapili nilimnunulia daftari la kurasa 96. Ijumaa nililihesabu, zimebaki 14, nazo zinaning'inia kwenye pini. Kazi ya nusu saa huanza baada ya magharibi ikafika saa nne za usiku, na analia. Ustadh alimchagua asome Maulidi mbele ya watu mfungo sita huu, akakataa, akasema koo linamuuma. Koo lake ni zima. Tumbo nalo humuuma asubuhi za shule, Jumamosi halimuumi. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemwambia yeye ndiye hodari kuliko wote humu ndani. Haisaidii. Baba yake anasema tumwache, mtoto mwenye bidii ni neema. Je, nimwache?
— Mama wa watatu, Langoni

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho: usimwache. Baba yake ana haki ya kushukuru, lakini bidii haimuumizi mtu tumbo Jumatatu mpaka Ijumaa ikampoa Jumamosi. Wala usidhani anajifanya. Tumbo hilo linauma kweli. Hofu ya mtoto mara nyingi hushuka tumboni kabla haijapata maneno. Mpeleke kwanza akapimwe, usije ukawa unahangaika na roho kumbe ana maradhi. Kisha turudi kwenye daftari.

Hilo daftari limenisumbua. Nilikwenda kabatini nikatoa jipya, nikakaa dakani, nikachana karatasi ya katikati nione mwanao anaona nini. Ukiichana moja, pacha wake wa upande wa pili wa pini hulegea. Nililifungua tena jioni nikaikuta karatasi ya pili imeshadondoka yenyewe. Basi fikiria: mtoto anachana kosa la leo, na ukurasa mwingine, pengine wa juzi, ambao hesabu zake zote zilikuwa sawa, unatoka pamoja nalo. Wewe umehesabu zilizobaki. Mimi nakuomba siku moja uziokote alizozichana, uzinyooshe, uzisome. Utakuta mistari sita iliyoandikwa vizuri kabisa na neno moja lililopinda.

Sasa deni langu. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa kusoma namba. Siku ya kufunga shule wazazi wamekaa kwenye viti, watoto wamesimama juani, mimi natoka na karatasi: wa kwanza fulani, wa pili fulani, mpaka wa 47. Niliona ni haki, aliyepanda avune. Katika darasa moja palikuwa na msichana aliyekuwa wa kwanza mihula minane mfululizo. Muhula wa tisa akawa wa tatu. Watu walipotawanyika nikaenda kufunga stoo, nikamkuta nyuma ya tangi la maji amechuchumaa. Ile ripoti ameikunja, akaikunja tena, akaikunja tena, hata imekuwa kama kipande cha halua mkononi mwake. Hakuwa analia. Nikamwambia wa tatu si haba, inuka twende. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, babu ataniitaje sasa?"

Sikumwelewa mpaka nilipomfikisha kwao Mkomani. Yule mzee, tangu mjukuu wake alipoingia darasa la kwanza, hakuwa akimwita kwa jina alilopewa siku ya akika. Alimwita Namba Wani. Namba Wani niletee mai. Namba Wani yuwapi? Majirani wakafuata, na mwenye duka la pembeni naye. Mzee hakuwa mkali hata kidogo, yalikuwa ni mapenzi matupu. Lakini mtoto alikuwa amevishwa jina ambalo mimi, kwa karatasi moja, nilikuwa na uwezo wa kumvua mbele ya mji mzima. Siku ile nilimvua.

Ndiyo maana nakuambia binti yako haogopi herufi. Anaogopa kwamba akikosa, yule mtoto mnayempenda atakuwa hayupo tena, atabaki mwingine ambaye hamumjui.

Wataalamu wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliandika mwaka 1991 kwamba kutaka ukamilifu kuna sura tatu. Kuna mtu anayejidai mwenyewe, kuna anayewadai wenzake, na kuna anayeamini kuwa watu ndio wanaomdai yeye. Hii ya tatu inaumiza mno, na inaenea. Thomas Curran na Andrew Hill wa Uingereza walikusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vikuu vya Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016, wakakuta hisia hiyo ya kudaiwa imepanda kwa asilimia 33. Utasema hao ni wa kwao na ni wakubwa, sisi tuko kisiwani na wangu ana miaka kumi. Kweli. Lakini kila mmoja wao aliwahi kuwa na miaka kumi na daftari mkononi.

Na umri wake nao una lake. Muulize mtoto wa miaka mitano ni nani hodari wa kukimbia katika darasa lao, atakujibu "mimi", hata kama jana alifika wa mwisho. Kuanzia kama miaka saba au minane ndipo anapoanza kujipima kwa wenzake, na kipimo hicho hukigeuza kuwa habari yake nzima. Binti yako yuko humo ndani sasa.

Umeandika kwamba ulimwambia yeye ndiye hodari kuliko wote. Ulitaka kumpoza, najua, na mimi nimelisema neno hilo kwa watoto wasiohesabika. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani waliwapa watoto wa umri huohuo mafumbo ya maumbo. Walipofaulu, wengine wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Waliosifiwa akili walichagua zaidi kazi za kuwaonyesha kuwa ni hodari, si za kujifunza jipya. Walipoletewa mafumbo magumu wakashindwa, raha iliwaisha upesi. Na walipotakiwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine alama walizopata, wengi zaidi kati yao waliandika uongo. Watoto wadogo, na adabu zao, walimdanganya mtu wasiyemjua ili neno moja lisiwatoke.

Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku zote tumelifasiri kuwa ni kiburi. Mimi siku hizi namwonea huruma yule mgema. Ameshaambiwa tembo lake halina mfano. Siku mnazi ukitoa kidogo, mji mzima unamngoja na vibuyu, afanye nini?

Kwa hiyo neno "hodari kuliko wote" liache. Lina madhara mawili, maana na wale wawili wadogo wanalisikia.

Usiku wa leo usitaje shule kabisa. Kesho mnunulie daftari la bei ya chini na kalamu ya wino, si penseli. Kaa naye mkekani, nawe uwe na karatasi yako, uandike hesabu ya matumizi ya nyumbani au barua kwa ndugu yako. Ukikosa, na utakosa, usifute. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya lile neno, andika la sawa pembeni, endelea bila kusema kitu. Atakutazama. Akikosa yeye, mwombe afanye vivyo hivyo: mstari mmoja, neno libaki linasomeka, tunakwenda mbele. Mara ya kwanza mkono utamtetemeka. Nimewaona watoto ambao mstari ule mmoja uliwatoa jasho la juu ya mdomo. Usimshike mkono na usimpigie makofi akishamaliza. Kaa naye tu.

Weka na saa. Kazi ya nusu saa ipe dakika 40. Zikiisha, daftari linafungwa hata kama limebaki swali. Mwandikie mwalimu wa darasa karatasi fupi kwamba ni wewe uliyelifunga, ili lawama isimfuate mtoto, na umwombe akiona mstari uliokatwa aweke tiki palepale. Walimu wengi watakuelewa. Wengine tulidhani mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na alama zile za 500 zikaenda zao, hofu nayo ingekwenda. Haikwenda. Juzi nilimsikia mtoto Njia Kuu akilia njia nzima kwa sababu ripoti ya mtaala mpya inasema yeye "amefikia matarajio" na rafiki yake "amezidi matarajio".

Jikoni pia kuna shule. Mkate wa sinia ukididimia katikati, usiwatupie kuku na usiupindue ufiche tundu. Uandae vilevile, sema maji yalizidi, kateni, mle. Na baba yake, badala ya kusema mtoto ni neema, amsimulie siku aliyoshindwa jambo: alifeli wapi, alifika nyumbani uso umemjaa nini, nani alimfungulia mlango. Watoto wanatujua sisi tukiwa tumeshashinda tu.

Kuhusu Maulidi, usimlazimishe na usimwondoe. Mwombe ustadh mtoto asome na wenzake wawili, mistari miwili tu, kwanza chuoni mbele ya watoto kumi, wiki ijayo mbele ya darasa zima, na mfungo sita ukifika aamue mwenyewe. Na siku moja isiyo na ugomvi mkumbushe ile hadithi aliyoipokea Bi Aisha, ambayo imo katika Bukhari na Muslim: aliye stadi wa kuisoma Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma akitatizika, nayo inamwia nzito, ana ujira mara mbili. Mara mbili, mwanangu. Mtoto wako ameihifadhi juzuu nzima na pengine hakuna aliyemwambia hili.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiona halali usingizi, hali chakula, anajichuna au kujikata ngozi, anajipiga, au amesema neno kama "bora nisingekuwepo", usingoje daftari. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, useme alichosema kama alivyokisema. Na hapa Kenya kuna simu ya watoto, namba 116, haina malipo. Unaweza kupiga wewe, anaweza kupiga yeye.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 13, niko Gredi ya 8, Malindi. Kila picha yangu naifuta. Harusini kwa binti ya mjomba, shangazi aliniangalia mbele ya watu akasema, "Huyu rangi kaichukua kwa nani?" wakacheka. Na sasa nimeota chunusi usoni. Rafiki zangu picha zao zote wanazilainisha kwa simu, wanatoka kama wanasesere. Mmoja ananiuzia krimu, iko kwenye kikopo kisicho na karatasi, anasema wiki mbili tu nitabadilika. Mama hajui. Darasani nimeacha kujibu maswali hata nikiwa najua, kwa sababu nikisimama wote wananitazama usoni. Niitumie?
— Asiyetaka picha, Malindi

Marahaba mwanangu. Usiitumie. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kimyakimya zina zebaki, na zebaki hupenya kwenye ngozi ikaharibu figo. Ukikosa bahati, unachukua maradhi ya ndani kwa ajili ya rangi ya nje, na rangi yenyewe inatoka mabakamabaka. Kikopo kisicho na karatasi kimeficha jambo. Kirudishe leo. Kama ulishalipa, fedha hiyo iache iende.

Chunusi ni mwili unaokua. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usizikamue, na zikiwa kubwa zenye maumivu mwambie mama akupeleke kliniki, dawa zipo.

Kuhusu picha nataka ujue mambo mawili. La kwanza, uso unaouona kwenye kioo umegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, na huo ndio uliouzoea tangu utotoni. Picha hukuonyesha jinsi watu wengine wanavyokuona, kwa hiyo wewe peke yako ndiye unayeiona ngeni. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walipenda zaidi ile ya kioo, rafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Uso ni uleule, macho ndiyo yaliyozoea tofauti. La pili, simu ikiwa karibu na uso hukuza kilicho mbele, na kilicho mbele ni pua. Mpe mtu akupige akiwa hatua tano uone.

Na lile la kusimama darasani. Huko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakaingizwa katika chumba cha wenzao. Walipoulizwa ni wangapi wameiona, walikisia karibu nusu ya waliokuwemo. Waliokuwa wameiona kweli hawakufika robo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000. Mwanangu, kila mmoja darasani mwenu ameshughulika na chunusi yake. Kesho jibu swali moja, ukiwa umekaa. Ukishajua kwamba jibu linatoka na paa haliporomoki, wiki ijayo jibu ukiwa umesimama.

Mwonyeshe mama yako barua hii. Hutanitia aibu mimi wala wewe.

Na nyinyi mashangazi wa harusini, nyinyi mnaomshika mtoto kidevu na kumgeuza kwenye taa mkiuliza kaichukua rangi kwa nani, nawasihi muache. Nimekaa na wanawake wa miaka sitini wanaolikumbuka neno moja waliloambiwa wakiwa na kanga ya kwanza, wanakumbuka na aliyelisema alivaa nini. Mnalisema mkisubiri biriani na mnalisahau kabla sinia haijafika. Yeye analala nalo.

Bi Mwalimu, salaam. Mimi fundi wa vyombo, Matondoni. Nina kijana wa miaka 11, Gredi ya 6, jioni namfundisha kazi. Nasikia nyinyi walimu siku hizi mnasema mtoto aachwe akosee na asifiwe. Mimi kazi yangu haitaki kosa, mbao zikikaa vibaya watu wanazama. Nikimwambia safi sana kila siku atalegea. Nikimwambia kweli, kwamba mkono wake si wa fundi, anatupa randa na kukaa pwani mpaka usiku, na kesho yake hataki kuanza kitu asije akakiharibu. Tuna mashua ya kushushwa kabla ya kusi kushika. Nimfanyeje?
— Fundi, Matondoni

Salaam kwako fundi. Sitakujibu kwa maneno laini, maana umeuliza swali la kweli. Kazi yako haitaki kosa, nakubali. Lakini mbona mna kalafati, ile kazi ya kuziba mianya ya mbao?

Nilipokuwa msichana nilikuwa nikilala kwa mjomba wangu hapo Matondoni, na mchana nilikaa kivulini nikitazama. Mbao zinachongwa, zinapimwa, zinapigwa misumari, na juu ya ustadi wote huo baina ya ubao na ubao hubaki mwanya. Sikumwona fundi aliyeukana mwanya ule wala aliyeutupa ubao kwa ajili yake. Alichukua pamba iliyochovywa mafuta, akaisokota kwa vidole, akaisukuma ndani kwa chuma butu na nyundo, ko, ko, ko, shibiri kwa shibiri, akisikiliza, kwa sababu palipojaa hulia sauti yake na palipo tupu hulia nyingine. Ufundi wenu umeshajua tangu mababu kwamba mkono wa mtu utabakisha mwanya, ukatengeneza kazi ya kuungojea. Kijana wako umemfundisha randa. Kalafati bado.

Kuhusu sifa uko sawa kuliko unavyojua. Neno hilo wewe unalo kwa maana mbili, na sisi wa mjini tumeanza kusahau moja. Sifa, yale mafuta ya papa, hupakwa juu ya ubao ili jua na chumvi visiule, na chombo hakiendi bila hiyo. Lakini haizibi mwanya. Ukiipaka juu yake chombo kitang'aa na kitavuja vilevile. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake wa Uholanzi waliona kwamba watu wazima huzidisha sifa hasa kwa mtoto asiyejiamini, na ni mtoto huyohuyo ambaye, akisifiwa kupita kiasi kwa mchoro wake, huikimbia kazi ngumu inayofuata. Basi "safi sana" ya kila siku inyime.

Ulipokosea wewe ni mahali pengine. Umemwambia mkono wake si wa fundi. Hapo hukusema habari ya ubao tena, umesema habari ya mtoto, na ubao unaweza kuchongwa upya, mkono ana huo tu. Mwambie: hapa randa imezama, kwa sababu ulikwenda kinyume na nyuzi za ubao, geuka upande huu. Mwonyeshe kwa kidole, apitishe na yeye kidole chake ahisi. Hilo ni kweli tupu, halina sukari, na halimfukuzi pwani. Akitupa randa, usiiokote wewe na usimpigie kelele. Endelea na kazi yako. Akirudi, na wa miaka 11 hurudi, mpe kipande chakavu cha mbao ili akiharibu makusudi: achimbe shimo, kisha alizibe mbele yako.

Halafu iko hiyo mashua. Chombo kipya kikiingia majini huvuja kidogo mpaka mbao zinywe maji zivimbe, na siku hiyo lazima mtu awe ngamani, kule chini ndani ya chombo, aangalie maji yanapoingilia. Mwaka huu mtu huyo awe yeye. Mpe tochi. Kila atakapoona unyevu akuite, na kila akikuita umwambie ubao ule ulipigwa na nani: na wewe, na msaidizi wako, au na yeye. Ukikuta wa kwanza kuvuja ni wako, mwambie ni wako.